Kupima Dereva: Anachelewa Kuona au Anachelewa Kukanyaga?

Bodaboda ikikatiza mbele ya daladala pale Mabatini, Mwanza, kuna vipande vinne vya muda kabla breki haijaanza kushika: jicho kufika mahali penyewe, akili kutambua kwamba hiyo ni hatari, dereva kuamua afanye nini, na mguu kuhama kutoka kwenye gesi. Wenye magari na walimu wengi wa udereva hupima kipande cha mwisho tu kwa sababu ndicho rahisi, kisha wanaandika kwamba dereva yuko vizuri. Tatizo ni kwamba mtu mwenye mguu mwepesi anaweza kuwa na jicho linalochelewa, na kipimo cha mguu hakitakuonyesha hilo hata ukikirudia mara mia.

Chukua mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi. Gari linakwenda mita 13.9 kila sekunde. Dereva aliyechelewa sehemu mbili za kumi za sekunde kuhamisha mguu amepoteza kama mita 3. Aliyekuwa anamwangalia konda kwa sekunde 2 amepoteza mita 28 kabla hata hajajua kuna kitu cha kupigia breki. Kwa basi la mkoani linalokwenda kilomita 80 kwa saa, sekunde 2 hizo ni mita 44. Ndiyo maana katika maelezo haya vipimo vya macho vimepewa nafasi kubwa kuliko vya mguu.

Vipimo vyote hapa vinafanyika gari likiwa limesimama, isipokuwa kimoja cha kamera, ambacho hakimtaki dereva afanye lolote zaidi ya kuendesha kama kawaida yake. Usijaribu kamwe kumshtua dereva barabarani ili uone atawahi breki vipi.

Anza na macho yenyewe

Kabla saa yoyote haijaanza kuhesabu, hakikisha anaona. Tundika chati ya herufi ya macho mita 6 kutoka kwenye kiti, mahali penye mwanga wa kutosha lakini pasipo na jua la moja kwa moja, upime kila jicho peke yake. Kama huendesha na miwani, apimwe nayo.

Uoni wa pembeni unapimwa bila kifaa. Kaeni mkitazamana, mita 1 kati yenu. Afumbe jicho la kulia, wewe ufumbe la kushoto, kila mmoja amtazame mwenzake kwenye jicho lililo wazi. Weka mkono wako katikati ya nafasi iliyo kati yenu, utikise kidole juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto, bila mpangilio. Kidole unachokiona wewe, naye akione. Kisha mbadilishe jicho. Anayekosa upande uleule kila mara mwache hapo, usiendelee na vipimo vingine. Apelekwe kliniki ya macho, Bugando au Sekou Toure. Presha ya macho huanza kula uoni wa pembeni taratibu, na mwenyewe hana habari kwa sababu mbele bado anaona vizuri.

Andika pia saa alizolala, muda aliotoka kazini, na dawa alizotumia. Klorifeniramini ya mafua, ile inayouzwa duka la dawa bila swali, inaleta usingizi na itaharibu kila namba utakayopata siku hiyo.

Rula: kipimo cha dakika kumi

Rula ikiachiwa inaanguka kwa kanuni ileile siku zote, hivyo umbali ilioanguka ni saa. Usitumie ya sentimita 30. Hiyo inaishia kwenye sekunde 0.247, na watu wengi wazima wako karibu na hapo, kwa hiyo wazito wote watakuponyoka na hutajua ni wazito kiasi gani. Tafuta ya sentimita 50 au ya mita nzima.

1. Dereva akae, mkono wa kuume uegemee mezani, kiganja kitokeze nje ya ukingo. Kidole gumba na cha shahada viachane sentimita 2. Pima mwachano huo, usikisie. Ukiongezeka, muda unaongezeka.
2. Wewe shika rula juu, alama ya sifuri iwe sawa na ukingo wa juu wa kidole gumba chake.
3. Sema "tayari", halafu subiri kati ya sekunde 2 na 5, kila mara tofauti. Achia bila kusukuma.
4. Soma alama iliyo juu ya kidole gumba alipoidaka.
5. Mara 5 za mazoezi zisizohesabiwa, kisha 15 za kuandika.

Kubadili sentimita kuwa sekunde: gawanya umbali wa mita kwa 4.9, kisha tafuta kipeuo cha pili. Zilizokwisha kukokotolewa ni hizi: sentimita 10 ni sekunde 0.143, 15 ni 0.175, 20 ni 0.202, 25 ni 0.226, 30 ni 0.247; 40 ni 0.286, 50 ni 0.319. Badili kila jaribio kuwa sekunde kwanza, ndipo upange kutoka dogo hadi kubwa na uchukue la katikati, yaani la nane kati ya 15. Ukichukua wastani wa sentimita halafu ukabadili, unapata jibu tofauti na lisilo sahihi, kwa sababu umbali haukui sambamba na muda.

Jaribio lililo chini ya sentimita 5, yaani sekunde 0.1, lifute: huyo hakuitikia, alibahatisha. Wakianza kubahatisha mara kwa mara, kosa ni lako. Aidha unasubiri muda uleule kila mara, au bega lako linashtuka kabla vidole havijaachia na dereva analisoma bega. Madereva wa Mwanza wanaishi kwa kusoma mabega ya wenye bodaboda, lako hawalikosi. Simama pembeni kidogo, yeye akodolee macho ncha ya chini ya rula.

Kuna wanaopenda kufanya hivi kwa mguu, ubao ukiteleza ukutani na dereva akiubana kwa kidole cha kiatu. Usihangaike nako. Ukuta unaukwamisha ubao, unaanguka polepole kuliko kanuni, na dereva anaonekana mwepesi kuliko alivyo.

Pedali mbili na taa tatu

Rula inapima mkono na kitu kimoja. Breki ni mguu, na barabarani kuna mambo ya kuchagua. Fundi yeyote wa redio anaweza kukutengenezea kifaa hiki: bodi moja ya Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa), taa tatu za LED (nyekundu, njano, kijani), reziesta tatu za ohm 220, swichi mbili ndogo za limiti zenye ulimi wa bati, waya, na pedali halisi za gesi na breki kutoka kwenye gari bovu, zilizofungwa kwenye ubao mzito usiohama sakafuni.

Kila taa inapita kwenye reziesta yake. Kwa volti 5, LED nyekundu itapata kama miliampia 14, ambazo haziichomi. Kila swichi inaunganishwa kati ya pini ya bodi na GND (waya wa sifuri), na kwenye programu pini iwekwe INPUT_PULLUP, hivyo ikibanwa inasoma sifuri. Usiweke balbu ya taa ya nyuma ya gari badala ya LED ili ionekane ya kweli. Waya wa balbu unahitaji karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kuwaka sawasawa, LED inawaka papo hapo, na ucheleweshaji huo wa balbu utamwandikia dereva.

Nafasi ya pedali iige ile ya gari analoendesha. Pima kwenye gari lake: breki iko sentimita ngapi kushoto kwa gesi, na imeinuka kiasi gani juu yake. Hiace na Coaster hazifanani. Apimwe akiwa na viatu anavyoendeshea, hata kama ni ndala. Hasa kama ni ndala.

Programu inafanya kazi hivi: inasubiri gesi ibanwe, inachagua muda wa bahati kati ya sekunde 2 na 10, inawasha taa na kuanza kuhesabu kwa micros(), yaani saa ya ndani ya bodi, inaandika gesi ilipoachiwa, kisha breki ilipobanwa. Namba ya kwanza ni mwitikio: kuona, kutambua, kuamua. Tofauti kati ya ya pili na ya kwanza ni safari ya mguu. Hizi mbili usizichanganye kwenye daftari. Mzee mwenye goti bovu atakuwa na mwitikio mzuri na safari ndefu. Aliyekesha atakuwa kinyume chake. Dawa zao si moja.

Mitego mitatu ya kifaa:

Arduino usipoipa mbegu, yaani namba ya kuanzia, amri ya kuchagua kwa bahati, random(), inarudia mfuatano uleule kila ikiwashwa. Dereva wa tatu kwenye foleni atakuwa ameshakariri kwamba ya kwanza huchelewa na ya pili huwahi. Weka randomSeed(analogRead(A0)) mwanzoni, na pini ya A0 iachwe bila waya.

Swichi ikibanwa hudunda kwa milisekunde kadhaa, inasoma ndiyo-hapana-ndiyo. Chukua mguso wa kwanza tu, kisha programu isisikilize swichi hiyo kwa milisekunde 20.

Dereva akiachia gesi kabla ya taa, au ndani ya sekunde 0.1 baada yake, programu iandike "amewahi", na zihesabiwe. Anayewahi mara nyingi anacheza na kifaa.

Duru ya kwanza ni nyekundu tupu mara 20. Duru ya pili ni taa 45 zilizochanganywa, 15 za kila rangi: nyekundu akanyage breki, njano aachie gesi tu, kijani asifanye kitu. Muda utapanda katika duru ya pili kwa kila mtu, maana kuchagua kunachukua nafasi yake. Donders, Mholanzi, alishaonyesha hilo mwaka 1868. Unachotazama ni kupanda kwa kiasi gani, na makosa mangapi. Dereva ambaye muda wake haukupanda kabisa lakini alikanyaga breki kwenye kijani mara sita si hodari kuliko mwenzake. Ameuza usahihi akanunua kasi.

Usilinganishe namba hizi na za barabarani. Mapitio ya mtafiti Marc Green ya mwaka 2000 yanaweka dereva anayetarajia ishara kwenye sekunde 0.70 hadi 0.75, asiyetarajia taa za breki za gari la mbele kwenye 1.25 hivi, na aliyeshtukizwa kwenye 1.5. Aliyekaa mbele ya taa tatu anatarajia kila kitu. Kwa hiyo ukimpata na 0.5, hiyo haina maana kwamba pale Buzuruga atapiga breki kwa 0.5.

Macho yanavyotembea: karatasi

Kipimo cha karatasi kinachojulikana zaidi kina sehemu mbili. Ya kwanza ni duara 25 zenye namba zilizotawanywa, mtu aziunganishe kwa kalamu 1 hadi 25. Ya pili anapishanisha namba na herufi, 1-A-2-B-3-C, mpaka 13. Marekani hutumia ya pili kwa madereva wazee, na zaidi ya sekunde 180 huhesabiwa kuwa dalili ya kuchunguzwa zaidi.

Hapa kwetu ya pili inadanganya. Mtu aliyejifunza kusoma kwa kuanzia a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, anasita kwenye mpangilio wa A hadi L kwa sababu hakuukariri, na saa inaendelea. Unapima shule aliyosoma. Tumia rangi badala ya herufi: duara nyekundu na za njano, kila namba iwepo mara mbili kwa rangi zote mbili kuanzia 2, yeye afuate 1 nyekundu, 2 njano, 3 nyekundu, hadi 25. Ukitengeneza karatasi yako mwenyewe, sekunde 180 usizitumie tena kama mpaka. Linganisha madereva wako wao kwa wao, wa umri unaokaribiana.

Waliopita miaka 40 wapewe miwani ya kusomea. Asiyesoma karatasi kwa karibu anaweza kuona basi lililo mita 200 bila shida yoyote.

Macho yanavyotembea: video

Hiki ndicho kipimo ambacho, kama una muda wa kimoja tu, ungekifanya. Uingereza imekiweka kwenye mtihani wa leseni tangu Novemba 2002: video 14 zenye hatari 15, kila hatari alama 5 hadi 0 kulingana na dereva alivyowahi kubonyeza. Njia yao inaigika, lakini video zao hazifai. Hazina guta lililobeba magunia upande usio wake, wala abiria anayeshuka kwa mlango kabla gari halijasimama.

Funga simu nyuma ya kioo cha mbele, usawa wa macho ya dereva, urekodi fremu 60 kwa sekunde. Barabara ya Nyerere kutoka mjini hadi Igoma peke yake inatosha kukupa vipande vya wiki nzima. Ongeza Barabara ya Kenyatta kuelekea Nyegezi, na kipande cha Usagara ambako mwendo ni mkubwa. Rekodi pia jua likiwa chini: asubuhi gari linaloelekea Igoma linalikuta usoni, na jioni ni zamu ya linalorudi mjini. Hatari zilizo ndani ya mng'ao huo zinatenganisha madereva kuliko nyingine zote.

Kata vipande 15 vya sekunde 20 hadi 40, kila kimoja na hatari moja inayokua. Mtoto aliyesimama pembeni akichungulia, kisha akavuka, ni hatari inayokua. Kitu kinachochomoza ghafla bila dalili hakifai, kwa sababu hapo hakuna cha kutafuta kwa macho. Umerudi kupima mguu. Weka na vipande vitatu visivyo na hatari yoyote.

Kwa kila kipande, watu wawili wanaojua barabara wakae, kila mmoja peke yake, waandike fremu mbili: dalili ya kwanza inapoonekana, na mahali ambapo kupiga breki kungekuwa kumechelewa. Wakipishana zaidi ya nusu sekunde, kipande hicho kina utata, kitupe. Muda ulio kati ya fremu hizo mbili ugawe sehemu tano sawa: anayebonyeza katika ya kwanza anapata 5, ya mwisho 1, nje yake 0.

Ukubwa wa picha una maana. Kompyuta mpakato ya inchi 15.6 ikiwa sentimita 60 kutoka usoni inachukua nyuzi 32 tu za upana wa uoni, na macho hayana pa kutembea. Projekta inayotoa picha ya upana wa mita 2 kwenye ukuta mweupe, dereva akiwa mita 1.7 kutoka hapo, inakupa karibu nyuzi 60.

Kitufe kiwe cha waya. Projekta na televisheni nazo zina uchelewaji wake, kwa hiyo pima kabla: kwenye video weka fremu moja nyeupe inayoambatana na mlio au taa ya LED, piga picha vyote viwili kwa simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde, uhesabu fremu zilizopishana. Kila fremu ni milisekunde 4.2. Toa kiasi hicho kwenye kila jibu.

Wajanja watabonyeza mfululizo ili wasikose. Weka sheria kwamba mibonyezo zaidi ya minne katika kipande kimoja ni sifuri. Na baada ya kila kipande uliza swali moja, "Umeona nini?" Anayesema "lile basi" wakati hatari ilikuwa mtoto nyuma ya basi alibonyeza kwa bahati, na alama zake zifutwe.

Kamera ndani ya gari

Kipimo hiki ni cha subira. Simu moja ikiwa juu ya dashibodi inatazama uso wa dereva, nyingine inatazama barabara, zote fremu 60. Piga kofi moja lisikike kwenye zote mbili, ndilo la kuzilinganishia. Gari likiwa limesimama, mwambie aangalie kila eneo kwa sekunde 3: mbele, kioo cha ndani, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, dashibodi, mahali anapoweka simu, mlangoni kwa konda. Hiyo ndiyo kamusi yako. Bila hiyo hutatofautisha kioo cha ndani na konda. Miwani ya jua ivuliwe, la sivyo unarekodi miwani.

Dakika 10 za safari zinatosha, lakini zichague: dakika 5 za msongamano na 5 za barabara iliyonyooka. Hesabu mambo matatu. Kwanza, kila mtazamo wa nje ya barabara uliopita sekunde 2, ambao utafiti wa Marekani uliofuatilia magari 100 uliuhusisha na hatari ya ajali kupanda mara mbili au zaidi. Pili, muda mrefu zaidi uliopita bila kioo chochote kutazamwa. Tatu, kama aliangalia kioo cha kushoto kabla ya kuingia kituoni, mara ngapi kati ya ngapi. Upande huo ndiko bodaboda hupenyeza.

Dereva mchanga utamjua haraka: macho yake yanakaa karibu na boneti, na vioo anavisahau. Watafiti Mourant na Rockwell walilionyesha hilo mwaka 1972, na mazoezi hulirekebisha.

Wapate ridhaa ya maandishi kabla, na kamera isielekezwe kwa abiria. Sura ya mtu ni taarifa binafsi, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama una daladala mbili tu.

Kusoma namba

Linganisha dereva na yeye mwenyewe kabla ya kumlinganisha na jirani. Duru ya nyekundu tupu ya pedali, ikifanywa dakika 10 mfululizo kabla ya safari ya Dar es Salaam na tena aliporudi, itakuonyesha uchovu kuliko maswali yoyote. Usitazame namba ya katikati peke yake, maana hiyo husogea kidogo. Tazama mara ngapi alipita sekunde 0.5 kwenye kuachia gesi. Aliyechoka huitikia vizuri, vizuri, vizuri, kisha anapotea sekunde nzima.

Kipimo cha kwanza katika maisha ya mtu usikitumie kwa uamuzi. Cha pili huwa bora kwa sababu ya kuzoea tu. Kwa video, kipande kilichokwisha kuonwa kimekufa, kwa hiyo tengeneza seti mbili tangu mwanzo na uzipishanishe kila miezi sita.

Dereva mwenye mwitikio mzuri na alama duni za video afundishwe: mpe vipande vya mazoezi, uvisimamishe sekunde moja kabla ya tukio, umuulize nini kitafuata na alikuwa anaangalia wapi. Mwenye alama nzuri za video na safari ndefu ya mguu mwangalie kiti, viatu na goti. Mwenye vyote vibaya siku moja, mpime tena akiwa amelala usiku mzima, na usiwaambie deiwaka, wale madereva wa kushikia zamu kwa siku, kwamba namba ndizo zitakazogawa zamu. Wakijua hivyo, ndani ya wiki mbili watakuwa wameshauziana majibu ya seti zote mbili.